Mafuta Yamemwishia Mwanakombo

Karafuu maiti haina harufu ya kifo, hata watu waseme nini. Ni harufu ya baridi, inayopanda puani kama dawa ya kifua. Siku tulipomkosha Bibi, mwezi uliopita, mtu alilifungua sanduku lake na kuitoa sanda aliyojiwekea, na harufu ile ikanipata nikiwa nimeshika kata ya maji. Kata ikaniponyoka. Wenzangu walidhani ni uchungu, wakanipa pole. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichonishtua ni kwamba bafta ile ya sanda niliijua. Niliiona ikinunuliwa. Ilinunuliwa kwa sababu yangu, na ilikuwa imekaa sandukuni miaka kumi na mmoja.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba kila mtaa wa Likoni ulikuwa na nyumba moja yenye kompyuta, na kila mtoto alijua ni ipi. Kwetu Mtongwe ilikuwa yetu. Mwenyewe alikuwa Shangazi Saumu, mdogo wake Baba, aliyefundisha watu kuchapa katika chumba kimoja karibu na feri. Ile ya nyumbani aliiunga kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Upande mmoja haikuwa na kifuniko, kwa hivyo ilinguruma kutwa na kutoa harufu ya vumbi lililopata moto. Ilikaa juu ya meza ya cherehani katika chumba tulicholala sote wawili. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa kulala nayo chumba kimoja nilijihesabu kuwa mwenye nusu.

Shangazi alikuwa na mchezo mmoja tu, wa vita vya angani, na ukiutazama mara ya kwanza ulikuwa wa kuchosha kabisa. Vijana wa mtaa walikuja dirishani wakitaraji moto na milio, wakaona duara la buluu, ndiyo dunia, na mistari myembamba imelizunguka. Hapakuwa na sauti, kwa sababu huko juu hakuna hewa ya kuibeba. Chombo hakikwenda utakako. Kilizunguka tu, na ukiwa na mafuta uliweza kukisukuma kidogo, na kila tone ulilotumia hukulipata tena. Saa ya mchezo ilikwenda sawa na saa ya ukutani, hata ukizima kompyuta huko juu mambo yaliendelea. Pigano moja lilichukua wiki tatu. Vijana waliondoka kabla ya robo saa, wakisema Saumu amenunua kalenda.

Mimi nilibaki, na kwa kuwa nilibaki alinifundisha.

"Ukitaka kumshika aliye mbele yako, wafanyani?"

"Naongeza mbio, Shangazi."

"Basi wamkosa. Ukiongeza mbio wapanda juu, na huko juu mzunguko ni mrefu, yeye azidi kukuacha. Punguza mwendo, ushuke. Chini njia ni fupi, utamfikia taratibu."

"Na kombora likimkosa mtu?"

"Halipotei. Lazunguka, larudi pale pale lilipotupwa. Kwa hivyo ukishatupa, ondoka hapo."

Sikuelewa hata nusu, lakini niliyapenda maneno yale kwa sababu yalikuwa na sauti ya methali, na niliwahi kuyatumia shuleni kumtisha msichana aliyenichukulia kalamu.

Aliyepigana na Shangazi alikuwa mchumba wake, Bakari, fundi wa mafriji kutoka Changamwe. Walijuana kwenye chumba kile cha kuchapa, posa ikaja, mahari ikakubaliwa, na siku ninazosimulia nikaha ilikuwa imebakiza wiki mbili. Kwetu mchumba hakai faragha na mchumba wake, na Shangazi hakutoka mbele ya Bakari bila buibui na mtandio. Basi walipendana kwa kupigana. Yeye Changamwe, Shangazi Mtongwe, maji katikati, mchezo ukiwaunganisha kwa mtandao, kila mmoja na vyombo vyake huko juu. Nilizoea kumsikia Shangazi akisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeonja asali, "Kesho kabla ya adhuhuri nitakuua."

Mtu mmoja tu nyumbani hakuitaka harusi ile, naye ni Bibi. Sababu zake zilibadilika kila juma. Mara Changamwe ni mbali. Mara kijana ana meno madogo, na wenye meno madogo hawana baraka. Mara mtu mzima gani huyo acheza michezo. Baba alicheka tu, akasema mama hatoi binti wa mwisho bila kununa. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: Bakari alikuwa amemshinda Shangazi mara mbili mfululizo, na Bibi hapendi watu wa nyumbani kwake washindwe.

Jumatatu moja nilirudi shule nikamkuta Shangazi ameinamia daftari lake la hesabu, simu ameibana kwa bega.

"Mwanakombo hafiki Ijumaa," alikuwa akisema. "Nimepiga hesabu mara mbili. Mafuta yamemwishia, na kila akizunguka azidi kushuka. Alhamisi, saa kumi na dakika kumi za alasiri, yuwaanguka." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Mwache aende. Ameishi kuliko nilivyodhani."

Mwanakombo ni jina la Bibi.

Sikujua kwamba Shangazi alikipa jina la mama yake chombo kikongwe kuliko vyote alivyokuwa navyo, kwa kuwa kilikuwa kikaidi. Hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule nilishtuka kwanza kwa kukosa adabu, kumtaja mama yako jina kavu, bila hata Bi. Kisha nikashtuka kwa kicheko. Kisha nikakumbuka mafuta, nikakimbilia chumbani kwa Bibi.

Bibi alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi ya kuchua magoti, aliiweka chini ya kitanda. Niliivuta nikaiinua kwenye mwanga. Yalikuwa yamebaki ya kidole kimoja tu. Kweli yalikuwa yakimwishia, na mtu mzima amepiga hesabu mara mbili.

Basi nikafanya ambalo mtoto yeyote angelifanya. Nilikwenda jikoni, nikachukua mafuta ya kukaangia, nikaijaza chupa hadi shingoni.

Bahati mbaya yalikuwa mafuta yaliyokwisha kukaanga vibua. Jumanne jioni Bibi alijichua magoti, na haukupita muda paka wa jirani akaingia, akakaa mbele yake, akaanza kumlamba. Bibi akamfukuza, akarudi. Akanusa kiganja chake.

"Ndoo hapa," aliniita.

"Abee, Bibi."

"Nani amenitia samaki magotini?"

Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa, nikalia. "Shangazi asema mafuta yamekwishia. Asema Alhamisi saa kumi na dakika kumi waanguka. Amepiga hesabu mara mbili, Bibi, imeandikwa."

Nilitaraji anicheke au anipige. Hakufanya lolote. Aliniambia nilete hayo maandishi, na kwa kuwa Shangazi alikuwa hajarudi kutoka kazini, nililichukua daftari mezani nikampelekea.

Ni lazima niseme hapa kwamba ami yake Bibi alikuwa mtu wa falaki. Watu walimwendea awatazamie siku ya kuoa au ya kusafiri, naye alihesabu herufi za majina yao, akachora miduara, akataja siku na saa. Bibi aliwahi kutusimulia kwamba alitaja mpaka siku ya kufa kwake, akasadifu. Sasa alifungua daftari la binti yake akakuta miduara, na kando ya miduara saa na siku, kurasa kwa kurasa. Hizi herufi za shule alizisoma kwa shida, lakini jina lake alilijua. Aliliwekea kidole, akakisogeza polepole hadi kwenye neno Alhamisi.

"Imemwingia Saumu," alisema. "Damu haipotei."

"Tumwulize, Bibi?"

"Nikimwuliza atanificha, kwa kunionea huruma. Nami sina siku za kufichwa. Wewe nyamaza."

Hakuwa na hofu. Ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa na uso wa mtu anayekumbuka kwamba ameacha kitu motoni.

Jumatano tulikwenda dukani pamoja. Alinunua karafuu maiti, akaomba bafta. Mwenye duka akauliza kwa upole ni nani aliyefiwa. Bibi akasema, "Mtu wa nyumbani." Kisha akanipa ncha moja ya kitambaa niishike, akaivuta nyingine, akaipima bafta kwa urefu wake mwenyewe, utosini hadi miguuni, pale pale mbele ya watu. Mwenye duka aliacha kuhesabu. Mimi niliishika ncha yangu kwa mikono miwili kwa sababu nilidhani nikiiachia ndipo atakapokufa.

Alhamisi alimkataza Baba kwenda kazini, na akaagiza Bakari aitwe. Baada ya adhuhuri tulikuwa sote ukumbini. Bibi alikuwa ameoga, amejifunga leso mpya, ameketi mkekani ameelekea kibla. Shangazi alikaa kizingitini na buibui lake. Bakari alikaa kando ya Baba, macho chini, anatabasamu, akidhani ameitiwa mambo ya harusi. Mama yangu alinivuta mapajani mwake.

"Bakari," alisema Bibi. "Mamako Riziki, Mungu amrehemu, alikuwa jirani yangu kabla hamjahamia Changamwe. Ulijua?"

"Nilijua, Bi Mwanakombo. Baba aliniambia."

"Babako hakukuambia hili, maana hakulijua. Ulipozaliwa, Riziki aliugua homa, ziwa likamkauka. Watoto wawili wa mwanzo walikuwa wameshamfia, na mamamkwe asema maziwa yake ndiyo yaliyowaua. Angejua yamekauka, mamako angerudishwa kwao siku ile ile. Akawa yuwaja kwangu mlango wa uani, nawe umefunikwa leso. Mimi nilikuwa nanyonyesha Saumu. Nikakunyonyesha nawe. Siku kumi na sita, mpaka ziwa lake likarudi. Akaniapisha nisimwambie mtu, nami nikaapa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu haoi ndugu. Nilimwona Bakari tabasamu likiwa bado limebaki usoni, limesahauliwa, halina mwenyewe.

Baba ndiye aliyesema kwanza. "Mama, posa ina miezi saba."

"Nilikuwa na kiapo. Nilidhani nitaivunja posa kwa maneno mengine. Nilijaribu."

Yakaturudia yote, umbali wa Changamwe, yale meno madogo, zile baraka.

"Kwa nini leo?" aliuliza Shangazi. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Kwa nini umengoja leo, Mama?"

"Kwa sababu leo alasiri nafa, na hili siwezi kuzikwa nalo. Wewe mwenyewe umeandika."

"Nimeandika nini mimi?"

Bibi akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa daftari, akalifungua pale penye jina lake. Shangazi alilitazama. Kisha akanitazama mimi, na mpaka leo sijatazamwa vile tena na mtu yeyote.

"Mama," alisema, "hiki ni chombo. Ni jina nililokipa. Huu ni mchezo wangu na Bakari."

"Mchezo?"

"Mchezo, Mama."

Adhana ya alasiri ikaanza. Bibi alisali amekaa, kwa ajili ya magoti, na alipotoa salamu hakugeuka kututazama. Aliitazama saa ya ukutani. Sote tukaitazama, hata Baba, hata Bakari, watu wazima wenye akili zao. Ikafika saa kumi na dakika kumi. Bibi akavuta pumzi, akaishusha. Akavuta nyingine.

Nilikuwa nimeogopa siku tatu kwamba atakufa. Sikuwa nimejiandaa kwa hofu iliyonijia alipokosa kufa. Neno lilikuwa limeshatoka, halirudi, na mwenyewe yuko hai mbele yetu, ana leso mpya, hajui aweke wapi mikono.

Bakari aliinuka akaaga kwa adabu zote. Alipotoka alivaa kiatu kimoja chake na kimoja cha Baba, hakugundua, wala sisi hatukumwita. Baba alivaa viatu viwili visivyofanana wiki nzima.

Kesho yake walikwenda kwa sheikh. Alimwuliza Bibi swali moja, mara ngapi. Bibi alipotaja siku kumi na sita, sheikh alikifunga kitabu, maana mara tano tu zingetosha.

Hakuna aliyenipiga. Nilingoja, na kungoja kulinichosha kuliko fimbo. Shangazi aliifunika kompyuta kwa leso, na chumba kikawa kimya. Niliwaza sana lile kombora linalorudi pale lilipotupwa, nikawa nakwepa kusimama mahali niliposimama nikimwambia Bibi. Siku moja Shangazi alikuwa akinisuka nywele, akasema bila mimi kuuliza, "Si kosa lako. Ungependa niolewe na ndugu yangu?" Nikasema la. Lakini aliivuta nywele kwa nguvu kidogo, na nilijua kwamba kuna sehemu yake ingependa kutojua.

Bakari alirudi siku ya Idi, ameshika kiatu cha Baba kwenye mfuko. Bibi alimkaribisha, Mama akamletea biriani. Shangazi alikuwa chumbani, akatoka kichwa wazi, akamwona, akageuka mbio kufuata mtandio. Akasimama katikati ya mlango. Nilimwona akikumbuka. Sasa hapakuwa na haja ya mtandio, ndugu hajifuniki kwa ndugu. Akageuka tena, polepole, akaja akaketi nasi, nywele zake zote hadharani, zile ambazo mume angeziona usiku wa harusi. Bakari aliziona mara moja, akainamisha kichwa, akalitazama biriani hadi likapoa.

Bibi ndiye aliyeuliza. "Na huyo Mwanakombo wenu, akaungua?"

"Hakuungua," alisema Bakari. "Asubuhi ile, kabla sijaja huku, nilikipeleka chombo changu kikamsukuma juu. Nilitaka Saumu aone jioni, afurahi. Mafuta yangu yakaisha yote. Changu ndicho kilichoanguka."

Shangazi aliinuka. Alikwenda kuiondoa ile leso, akawasha. Tulikaa wote chumbani, Bakari naye kwa mara ya kwanza, tukitazama duara la buluu na nukta moja ndogo inayolizunguka. Bibi alitaka kujua inashikiliwa na nini isianguke.

"Haishikiliwi, Mama. Yaanguka saa zote. Ila yaenda upesi mno, kila ikianguka yaikosa ardhi."

Bibi alicheka hadi akajifuta machozi, na tangu siku hiyo, mtu akimwuliza hali, alikuwa akijibu, "Naanguka, mwanangu. Naikosa." Wageni walidhani ameanza kuchanganyikiwa.

Maisha yalikwenda. Bakari alioa Miritini, Shangazi akaolewa na mwalimu wa Kisauni, mtu mwema. Kila Idi Bakari alikuja. Lakini katika miaka yote ile yeye na Shangazi walitajana kwa majina tu. Hakumwita dada, naye hakumwita kaka, na Bibi kwake alibaki Bi Mwanakombo. Sheria ilikuwa imewafanya ndugu kwa alasiri moja, midomo ikachelewa.

Siku ya maziko sisi wanawake tulibaki nyumbani, kama ilivyo kwetu. Baba aliporudi kanzu yake ilikuwa na udongo hadi magotini. Alikaa kitini, na Shangazi akamwuliza ni nani walioshuka kaburini, maana mwanamke hushushwa na maharimu zake, wanaume asioweza kuolewa nao, na Bibi alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume.

"Tulishuka wawili, mimi na Bakari," alisema Baba. "Kichwa alishika yeye. Tulipomlaza, akainama akamwambia kitu. Nilidhani ni dua." Akaupangusa udongo wa kanzu. "Alimwita Mama."

Shangazi alisimama muda mrefu, ameshika sinia la wali. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu mwenye wageni wengi, "Bakari yuko barazani, hajala. Nenda ukamwambie dadake yuwamwita."

Sikuondoka. Nilikuwa na miaka ishirini na nimesimama kama mtoto.

"Husikii?"

"Abee, Shangazi," nikasema, nikaenda nikamwambia vivyo hivyo.